Torki na ufanisi wa mota ya sumaku ya bodaboda: piga hesabu kwanza, koili baadae

Kuna kijana wa boda aliniletea mota ya gurudumu la nyuma, pikipiki ya umeme ya volti 72, akanambia fundi mwingine alimsukia koili upya akamtoa raundi 6 kwa kila jino (raundi ni mara waya unavyozunguka, jino ni kipande cha chuma unachokizunguka) akampeleka raundi 8 ili ipande milima ya huku Mwanza, na kweli ilipanda, wiki ya kwanza alifurahi sana, wiki ya tatu ikaanza kunuka vanishi na siku moja ikazima katikati ya mlima abiria yuko mgongoni. Nilipoifungua shaba ilikuwa nyeusi tii. Yule fundi alisuka vizuri, mkono msafi kabisa, tatizo ni kwamba hakuna mtu aliyempa ile hesabu, na mafundi wengi tunaamini raundi ndo zinaleta nguvu. Hazileti hivyo. Ntaeleza hatua kwa hatua ninavyofanya mimi, kwa namba za mota ya aina hii hii ili uone zinatoka wapi, na wewe ubadilishe uweke zako.

Neno torki nikilitumia namaanisha ile nguvu ya kuzungusha, inapimwa kwa nyutoni mita. Ufanisi ni wati zinazofika kwenye tairi ukigawa kwa wati zinazotoka kwenye betri. Ukiwa na kalkuleta ya simu inatosha.

Hatua ya 1: anza na tairi, mota isubiri

Usianze kwa kuuliza mota ni wati ngapi, ile namba ya kwenye kava haikusaidii kitu kwenye mlima. Uliza tairi inadai nini. Pikipiki na betri yake kilo 110, dereva 70, abiria 70, jumla 250. Mlima wa asilimia 10 (kila mita 100 unazoenda umepanda mita 10) unadai 250 mara 9.81 mara 0.1, yaani nyutoni 245, ongeza ukinzani wa tairi kubiringika ambao ni kama asilimia 1.5 ya uzito, nyutoni 37, jumla 282. Tairi ina nusu kipenyo cha mita 0.3 kwa hiyo 282 mara 0.3 ni karibu nyutoni mita 85.

Barabara ya tambarare kwa kilomita 50 kwa saa ni ile 37 ya tairi pamoja na upepo, ambao kwa pikipiki yenye watu wawili wima unakuja kama nyutoni 81, jumla 118 hivi, torki ya nyutoni mita 35 na wati 1640 kwenye tairi.

Shika hizi namba mbili, 35 na 85. Ya kwanza mota itaishi nayo siku nzima, ya pili itaishi nayo dakika chache tu, na ukizichanganya hapa mwanzo huko mbele kote utakuwa unakosea.

Ukibeba mshikaki ongeza kilo 70 nyingine, 85 inakuwa 108. Ikumbuke hiyo nikifika kwenye joto.

Hatua ya 2: umbo la mota linabeba kiasi gani

Hapa ndo torki inapozaliwa kweli. Pale sumaku inapotazamana na meno ya stata (ile sehemu ya bati za chuma isiyozunguka, yenye koili) kuna uso wa duara, na kila mita ya mraba ya uso huo inaweza kusukumwa pembeni kwa nguvu fulani. Mota iliyofungwa isiyo na maji ya kupoza, ikikaa muda mrefu, weka nyutoni 10,000 mpaka 15,000 kwa mita ya mraba. Kwa muda mfupi unaweza kwenda mara mbili yake.

Torki ni 2 mara 3.14, mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo, mara urefu wa bati za stata, mara ule msukumo. Mota yetu ina kipenyo cha milimita 205 kwenye gepu (ule mwanya kati ya sumaku na stata) na urefu wa milimita 45. Ukipiga, kwa nyutoni mita 35 unapata msukumo wa 11,800, iko sawa kabisa, kwa 85 unapata karibu 29,000, hapo unaazima muda.

Angalia nusu kipenyo imeingia mara mbili. Ukiipanua mota kutoka nusu kipenyo cha milimita 102.5 kwenda 115 tu umepata torki karibu robo zaidi kwa urefu ule ule na msukumo ule ule, ndo maana mota za gurudumu ni pana na nyembamba kama sufuria la chapati. Anayechagua mota kwa ajili ya milima aangalie upana kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya 3: sumaku na gepu

Sumaku za neodimiamu zilizogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, Japani na Marekani karibu wakati mmoja, ndo zimefanya mota ndogo ziwe na nguvu hivi. Zenyewe zina tesla (kipimo cha nguvu ya sumaku) 1.2 mpaka 1.4, zile nyeusi za feraiti za kwenye spika zina 0.4 hivi.

Kinachofika kwenye gepu kinapungua kutokana na umbali. Kadirio la haraka ni tesla ya sumaku mara unene wake, gawa kwa unene jumlisha gepu (gepu uizidishe kwa 1.05). Sumaku ya 1.25 yenye unene wa milimita 3 na gepu ya 0.8 inakupa 0.98. Gepu ikiwa 1.2 kwa sababu mtu alichonga stata kwenye lezi bila uangalifu au beringi imeondoka katikati, inashuka mpaka 0.88, asilimia 10 imeyeyuka hivi hivi na hujagusa shaba. Ukiweka sumaku nene za milimita 5 badala ya 3 unapata 1.07 tu, umelipia sumaku karibu mara mbili kwa faida ya asilimia 9. Bora hela hiyo iende kwenye beringi nzuri na gepu iliyo sawa pande zote.

Kitu kingine ni herufi. Sumaku ya kawaida isiyo na herufi mwishoni mwa jina la daraja lake, mfano N42, inavumilia nyuzi 80 tu, M ni 100, H ni 120, SH ni 150. Ikipita hapo huku koili zinaisukuma, inapoteza nguvu na ikipoa hairudi. Muuzaji akisema N42 muulize N42 nini.

Na unapofungua mota tumia pula au boliti za kusukuma, mikono ibaki mbali na ule mwanya, rota (sehemu inayozunguka yenye sumaku) ikirudi ghafla inavunja kidole.

Hatua ya 4: sloti na sumaku ziendane

Mota yetu ina sloti (nafasi kati ya meno zinazokaa waya) 36 na sumaku 32. Huu mchanganyiko unatumia 0.945 ya waya uliosuka, maana yake karibu waya wote unafanya kazi. Sloti 36 na sumaku 24 inatumia 0.866. Tofauti ni asilimia 9 ya torki kwa shaba ile ile. Pia ile 36 kwa 24 ukiizungusha kwa mkono inakatakata, tuk tuk tuk, yenye 32 inateleza.

Mpangilio wa koili kwa 36/32 ni jino tatu fezi A (fezi ni moja ya makundi matatu ya koili), tatu B, tatu C, unarudia mara nne, na katika kila tatu lile jino la kati linasukwa kinyume. Ukisahau kugeuza la kati mota itazunguka kwa uvivu na itachemka, na utahangaika na kontrola (kile kifaa kinachopimia mota umeme wa betri) siku nzima bure.

Hatua ya 5: raundi, ambazo ni kama gia

Sasa tumefika kwenye ugonjwa wenyewe.

Volti inayozalishwa kati ya waya mbili za fezi kwa kila redian moja kwa sekunde (spidi ya kuzunguka, sawa na mizunguko 9.55 kwa dakika) ni 1.73 mara 2, mara raundi zote za fezi moja, mara 0.945, mara tesla za gepu (weka 0.9), mara nusu kipenyo, mara urefu. Fezi moja ina meno 12, kila jino raundi 6, jumla 72. Inatoka 0.98. Kwenye mota halisi utapima kama 0.955 kwa sababu sumaku inavuja kidogo pembeni. Na uzuri wa hii namba ni kwamba ndo hiyo hiyo nyutoni mita kwa ampea: kila ampea unayoingiza kwenye fezi inakupa nyutoni mita 0.955. Ukigawa 9.55 kwa hiyo namba unapata mizunguko 10 kwa dakika kwa kila volti, kwa hiyo betri ya 72 inakupa 720 bila mzigo, tairi ya mzingo wa mita 1.885 ni kilomita 81 kwa saa.

Mlima wetu wa 85 utadai ampea 89. Ukinzani kati ya waya mbili ni omu 0.07 ikiwa baridi. Joto la shaba ni ampea mara ampea mara omu, 89 mara 89 mara 0.07, wati 554.

Suka raundi 8. Kila ampea sasa inakupa 1.27, mlima unadai ampea 67 tu, raha si ndio? Lakini sloti haijapanuka, kwa hiyo waya umekuwa mwembamba na mrefu zaidi, ukinzani umepanda kwa 8 gawa 6 mara yenyewe, umefika 0.124. Piga 67 mara 67 mara 0.124. Wati zile zile, karibu 555. Hakuna kilichobadilika kwenye joto, ila spidi ya juu imeshuka toka 81 mpaka 61.

Sasa mbona ya yule kijana ilipanda vizuri zaidi mwanzoni? Kwa sababu kontrola ilikuwa inasukuma ampea zile zile 89 za zamani. Torki ikawa 113 badala ya 85, theluthi moja zaidi, na joto likawa 89 mara 89 mara 0.124 ambayo ni wati 985. Torki imepanda theluthi, joto limepanda karibu asilimia 80. Angeweza kupata torki ile ile na kuungua vile vile kwa kuongeza ampea kwenye programu ya kontrola bila kukata hata waya mmoja, kama kontrola yenyewe inazibeba.

Kwa hiyo raundi unazichagua kwa ajili ya spidi na volti ya betri, basi. Namba inayokwambia mota ni nzuri au mbaya ni nyutoni mita kwa ampea ukigawa kwa kipeuo cha pili cha ukinzani. Hapa ni 0.955 gawa 0.265, unapata 3.6. Suka 6, suka 8, suka 12, itabaki 3.6. Mimi nikishika mota mpya hii ndo natafuta kwanza, mbili zikiwa na uzito sawa yenye namba kubwa ndo nachukua.

Hatua ya 6: jaza shaba

Kinachopandisha 3.6 ni shaba nyingi zaidi kwenye sloti ile ile. Koili za kiwandani za mota hii zilikuwa nyuzi 25 za milimita 0.5 zikipita pamoja kama waya mmoja. Ukipanga kwa utulivu, ukavuta kila raundi ilale bega kwa bega, ukatumia karatasi nyembamba ya sloti inayovumilia joto badala ya ile nene, unaingiza nyuzi 30, na ukinzani unashuka toka 0.07 mpaka 0.06 hivi. Joto la mlima linatoka 554 kuja 475, bure kabisa, ni muda wako tu. Na zile kona za koili nje ya bati zifanye fupi, shaba ya pale haitoi torki, inatoa joto tu.

Hatua ya 7: pima, usiamini karatasi

Ukinzani: maltimita ya kawaida haiwezi kusoma omu 0.07, waya zake zenyewe tu zinaweza kuwa na 0.2. Pitisha ampea 10 za DC kati ya waya mbili za fezi kutoka kwenye pawa saplai, kisha pima volti pale pale mwanzo wa waya za mota. Ukisoma volti 0.7 ni omu 0.07. Fanya jozi zote tatu, zikitofautiana kuna fezi imekosewa raundi au kuna koili imelala vibaya.

Mizunguko kwa volti: zungusha mota kwa spidi unayoijua, pima volti za AC kati ya waya mbili, zidisha 1.41, gawa mizunguko kwa hiyo volti.

Hasara za kudumu: nyanyua tairi, hakikisha pikipiki imesimama imara na hakuna mtu nyuma, vuta resi mpaka mizunguko 442 kwa dakika (ndo kilomita 50 kwa saa) na usome ampea za betri. Mota hii ilikuwa 1.25, mara 72 ni wati 90. Hizo ni za bati, beringi na kontrola kwa pamoja. Za bati ndo kubwa, kwa sababu kwa sumaku 32 chuma kinageuzwa mara 118 kwa sekunde kwenye spidi hiyo, na mikondo inayozunguka ndani ya bati inakua kwa unene mara unene. Bati ya 0.5 inapoteza mara mbili ya bati ya 0.35 kwa upande huo. Ndo maana usikwangue vanishi ya stata kwa tupa wala usiichome kwa moto kutoa koili zilizoungua, bati zikigusana unakuwa umetengeneza kipande kimoja kinene cha chuma.

Hatua ya 8: ufanisi kwenye safari halisi

Chukua ukinzani wa moto, sio wa baridi. Shaba inaongezeka asilimia 0.39 kwa kila nyuzi, ikifika 100 ile 0.07 inakuwa 0.09.

Tambarare kilomita 50: torki 35, ampea 37, joto la shaba wati 123, hasara za kudumu 90. Tairi inapata 1640, betri inatoa 1853, ufanisi asilimia 88. Nzuri. Kwa spidi hiyo mota inakuwa bora kabisa pale joto la shaba linapolingana na zile 90, yaani ampea 32, torki 30, kwa hiyo tupo karibu sana na kilele.

Mlima kwa kilomita 30: ampea 89, joto la shaba 713, nyingine kama 60, tairi inapata 2350. Asilimia 75.

Mlima ule ule kwa kilomita 10, umekwama nyuma ya lori: torki ile ile, ampea zile zile, joto lile lile 713, lakini tairi sasa inapata 783 tu. Asilimia 52. Nusu ya betri inapasha mota. Na dereva akiangalia dashibodi anaona betri inatoa ampea 21 tu, anajiona anaendesha kwa upole, kumbe ndani ya koili zinapita 89. Kontrola inabadilisha volti nyingi kuwa ampea nyingi pale chini, ampea za betri na za fezi ni vitu viwili tofauti. Hili wafundishe madereva wote unaowahudumia: mlima upande na kasi ya wastani, usiupande polepole sana.

Hatua ya 9: dakika ngapi mpaka iungue

Stata hii ina chuma kama kilo 5 na shaba kilo 1.5, inahitaji karibu juli 3000 kupanda nyuzi moja. Wati 713 zinaipandisha nyuzi 14 kwa dakika. Ukianza na 40, dakika tano za mlima uko 110. Mshikaki: torki mara 1.28, joto mara 1.28 mara 1.28, karibu wati 1170, nyuzi 23 kwa dakika, dakika tatu tu uko pale pale. Na hapo bado sijahesabu kwamba sumaku nazo zikipata moto zinapungua, kama asilimia 0.12 kwa kila nyuzi, hivyo ampea inabidi ziongezeke tena.

Vanishi ya daraja F inavumilia 155, H inavumilia 180, sensa za holi (zinazosoma sumaku ziko wapi) nyingi mwisho wake 150. Fukia sensa ya joto katikati ya koili yenyewe, juu ya shaba, usiibandike kwenye bati au kwenye ekseli, kwa sababu mlima wa dakika tatu shaba inakuwa imeshapanda sana bati bado. Weka kontrola ianze kupunguza ampea kwenye 110 na ikate kabisa 130.

Ya yule kijana niliirudisha raundi 6 kwa nyuzi 30, jozi zote tatu za fezi zikasoma omu 0.06, sensa nikaifunga kwenye jino la kati la fezi B, nikamwekea kikomo cha ampea za fezi 90, akaipeleka mlima ule ule na abiria mmoja. Juu kabisa ilisoma nyuzi 94.